Umegongwa kidogo hapa Lubumbashi? Karatasi kwanza, nyundo ya tolye baadaye

Naandika hii juu wiki iliyopita ndugu yangu mdogo alinipigia simu saa moja ya jioni, taksi-bisi imemgonga kwa nyuma pale karibu na Tunnel, pareshoki (bampa) imepasuka, taa moja imevunjika, na swali lake la kwanza ni "yaya, unajua tolye wa bei nzuri?" (yaani fundi wa kunyoosha bati). Nikamwambia acha mambo ya tolye kwanza, uko na foto? Hana. Namba ya plaki ya ile bisi? Anakumbuka nusu. Jina la shofere? Jina la utani tu, lile limeandikwa kwa kioo cha nyuma. Na shofere mwenyewe ameshaenda, amemwachia franka elfu ishirini na namba ya simu ambayo haiiti.

Sikumcheka, juu mimi nilipita njia hiyo hiyo. Yangu ilikuwa shose ya Kasenga, mvua inanyesha, mtu akaniingilia kwa nyuma, tukapatana kwa mdomo, kesho yake asubuhi nikapeleka motokari kwa tolye wa mtaani akaanza kupiga nyundo, kisha kufungua pareshoki akakuta chuma cha ndani kimepinda na sakafu ya kofri (buti ya nyuma) imejikunja, bei ikapanda mara tatu, yule mtu hapokei simu tena, nikakimbilia asiransi (bima) na yule mama wa ofisi akaniuliza swali moja tu: "Papa, eksperi wetu ataona nini sasa?" Eksperi ndiye mtu wao wa kukagua uharibifu, na hakuna cha kuona. Tolye ameshanyoosha. Tangu siku ile mimi niko mtu wa karatasi, kabla nyundo haijagusa bati.

Haya yote ni kwa ajali ndogo, bati na taa na rangi. Kama kuna mtu ameumia, hata akisema "niko muzima", hata anatembea, hapo hakuna kupatana kwa mdomo: mpelekeni hospitali, iteni polisi, asiransi ijue siku hiyo hiyo. Na usikimbie hata kama umati unatisha. Ukiona watu wamekasirika sana, nenda moja kwa moja kwa posti ya polisi iliyo karibu ujitaje, hiyo ni tofauti kabisa na kutoroka, na kutoroka ni kosa peke yake hata kama ajali haikuwa kosa lako.

Kwanza jua unalipia nini

Wengi wetu tunalipa asiransi juu ya polisi wa rulaji (wa barabarani), basi, karatasi inabandikwa kwa kioo na kontra (mkataba) inaingia kwa droo bila mtu kuisoma. Tangu sheria ya 5 Januari 1973 ni lazima kila motokari inayotembea iwe na asiransi ya kulipa hasara unayofanyia *wengine*, ile wanaita RC. Rudia kusoma neno hilo, wengine. Ukigonga mtu, RC yako inalipa motokari yake, yako haiitazami. Ukigongwa na mtu mwenye kosa, RC *yake* ndiyo inapaswa kukulipa wewe. Ndiyo maana mtu anakuja ofisini na karatasi safi kabisa ya RC, amejigonga mwenyewe kwa ukuta wa paseli (kiwanja) yake, na anarudi nyumbani mikono mitupu akisema asiransi ni wezi. Hapana, hakununua ile.

Ile ya kulipa motokari yako hata kosa likiwa lako ni tou riski, au kama mfuko hauruhusu, kuna kontra za katikati zinazolipa kugongana tu, au vioo tu, au moto na wizi. Fungua kontra usiku huu, tafuta vitu vitatu: umenunua nini hasa, franshizi ni ngapi (ile pesa unabeba wewe mwenyewe kwanza kabla wao hawajatoa kitu), na siku ngapi wanakupa kutangaza ajali. Tena angalia wameandika motokari ni ya matumizi gani. Kama imeandikwa ya mtu binafsi na wewe asubuhi unabeba watu kutoka Katuba mpaka Posta kwa pesa, siku ya ajali hilo ndilo jambo la kwanza watakalolikamata.

Jambo lingine limebadilika na watu hawajazoea. Kwa miaka mingi ilikuwa SONAS, kampuni ya asiransi ya serikali, peke yake nchi nzima, kwa hiyo wewe na aliyekugonga mlikuwa mnakutana kwa dirisha moja. Sheria ya 17 Machi 2015 ilifungua soko, na 2019 kampuni za watu binafsi za kwanza zikapewa ruhusa, msimamizi wao wote ni ARCA. Maana yake leo wewe unaweza kuwa kampuni moja na yule kampuni ingine kabisa, na zile ofisi mbili zitaanza kutumiana barua kwanza. Kwa hiyo kujua jina la asiransi ya yule mwenzako ni lazima, bila hiyo huna pa kugonga mlango.

Robo saa ya kwanza, hapa ndipo pesa inapatikana ama inapotea

Zima motokari, washa taa za hatari, weka triangi nyuma (matawi ya miti pia sawa, kila mtu hapa anayaelewa, lakini rulaji atakuuliza triangi). Sasa usisogeze motokari bado. Najua wanapiga honi, najua kuna mzee anapiga kelele "mutoe njia!", wewe chukua dakika mbili tu na simu yako.

Foto ninazopiga mimi: kwanza ya mbali, motokari zote mbili vile zilivyosimama, ionekane njia, kona, duka lenye kibao, kitu chochote kinachoonyesha ni wapi. Kisha ya pembeni kushoto na kulia. Kisha plaki zote mbili. Kisha vidonda kwa karibu, yako *na yake*, juu kesho yake pareshoki imeshabadilishwa atasema hakukugusa. Kisha barabara chini: vioo vilivyoanguka, alama za freni, tope. Tope lile linaloanguka kutoka chini ya motokari wakati wa kugongana linaonyesha mahali mligongana, na mvua ikija dakika kumi baadaye haliko tena. Mwisho foto ya karatasi yake ya asiransi, karte rozi (karatasi ya usajili wa motokari), na permi (leseni ya kuendesha). Permi usiinyang'anye, piga foto tu. Akikataa kutoa, foto ya plaki na ya kile kibandiko cha asiransi kwa kioo inatosha kuanzia.

Piga na video fupi ukizunguka, huku unasema tarehe na saa na jina la avenii. Watu watacheka, waache wacheke.

Halafu tafuta mashahidi wawili. Wale wanaopiga kelele sana usiwachukue, hawajaona kitu. Chukua yule mama muuza mkate aliyekuwa amekaa pale tangu asubuhi, muombe kwa heshima, "mama, samahani, uliona vile ilikuwa? Unaweza kunipa namba yako?" Watu kama hao hawahami, ukirudi baada ya mwezi utawakuta palepale.

Na mdomo. Usiseme "samahani ni kosa langu" hata kama unahisi hivyo, unaweza kuuliza mtu kama amepona bila kujihukumu. Kodi ya njia (sheria ya barabarani) ya 1978 iko na mambo yake, kwa mfano kwenye makutano yasiyo na alama anayetoka kulia kwako ndiye anapita kwanza, na wengi wanaojiona wako sawa juu avenii yao ni kubwa hawako sawa. Acha wenye kazi yao waamue.

Kupatana palepale au kuita rulaji?

Hapa kila mtu ana dini yake. Atakuja mtu na maneno matamu, "patron, tupatane paka hapa, tukiita rulaji makuta yetu yote itaishia kwao." Mara zingine ana haki. Kama ni mkwaruzo wa rangi, retroviza (kioo cha pembeni) imevunjika, na mtu anatoa pesa mkononi inayotosha, mimi napokea na tunaandikiana. Karatasi ya daftari inatosha: tarehe, mahali, plaki mbili, majina mawili, "nimepokea dola kadhaa kwa ajili ya retroviza ya kushoto", sahihi mbili. Andika ni kwa ajili ya *nini*, usiandike "kwa ajili ya ajali yote", juu ukiandika vile umefunga mlango mwenyewe.

Lakini ahadi ya kesho sipokei. Pesa ya kesho ni namba ya simu isiyoita. Na pareshoki ikiwa imeingia ndani hata kidogo sipatani bei palepale, juu pareshoki za siku hizi ni plastiki, zinajikunja kisha zinarudi kama hakuna kitu, na nyuma yake chuma kimeshapinda. Hapo kama wote mna asiransi, njia ya katikati ni konsta ya amani, ile fomu mnajaza wawili, mnachora vile ilikuwa, kila mmoja anasaini na kubaki na nakala. Omba fomu mbili kwa asiransi yako leo, ziweke kwa kibweta cha motokari pamoja na biki inayoandika. Jaza na sehemu ya mchoro, watu wanaiacha tupu wakati ndiyo sehemu eksperi anaiangalia kwanza.

Kama mwenzako hana asiransi, au amekunywa, au anabisha, au ni motokari ya kampuni au ya serikali, ita polisi wa rulaji bila kufikiri mara mbili. Unachotafuta kwao ni pe-ve, ripoti yao ya maandishi. Soma kabla ya kusaini, hakikisha plaki zimeandikwa sawasawa herufi kwa herufi na jina la asiransi ya yule limo. Uliza jina la ofisa, ofisi yake na namba ya dosie (faili), uandike. Dosie bila namba, ukirudi Jumatatu hakuna anayejua unazungumza nini.

Na malori ya Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia: lori la Zambia au Tanzania likikukwaruza kwenye foleni, piga foto plaki ya kichwa *na* plaki ya treila, zinakuwa tofauti, pengine hata wenye mali ni tofauti. Kisha uliza karte joni ya COMESA, ile karatasi ya manjano inayofanya asiransi ya nchi yake ikubalike hapa kwetu. Ndiyo utakayopeleka kwa ofisi inayoshughulikia karte joni hapa, hutahitaji kwenda Ndola kutafuta mtu. Fanya haraka, juu lile lori likivuka mpaka shofere amekwisha kukusahau.

Tangaza kesho yake

Siku za kutangaza zimeandikwa ndani ya kontra, lakini mimi nasema kesho yake, hata kama unaona utapatana na yule mtu mwenyewe. Kutangaza haimaanishi lazima udai. Barua ni fupi na kwa Kifaransa cha kawaida: jina, namba ya kontra, plaki, tarehe na saa, mahali, vile ilikuwa kwa mistari mitano, plaki na asiransi ya mwenzako, mashahidi, wapi motokari iko sasa ili eksperi aje aione. Usipambe. "Nilikuwa nimesimama, motokari fulani ilinigonga kwa nyuma" inashinda kurasa mbili za hasira.

Peleka nakala mbili, moja wapige muhuri wa mapokezi na tarehe, urudi nayo. Huu muhuri wengi wanauona kama ushamba, kumbe siku watakayosema "hatukuona barua yako" ndiyo kitu pekee kitakachofunga mjadala. Kama kosa ni la mwenzako, peleka dosie vilevile kwa asiransi *yake*, na muhuri vilevile.

Devi (makadirio ya bei ya garaji): soma kama mkataba, maana ni mkataba

Sasa ndiyo tolye. Nenda kwa garaji mbili au tatu, na usiende na swali la "unafanya kwa ngapi?" Bei ya jumla ya mdomo ni mtego. Garaji ya kwanza inasema dola 150, ya pili 320, unakimbilia ya 150, kumbe wa kwanza amehesabu kunyoosha na kupiga mastiki ya kujaza mashimo, wa pili amehesabu taa mpya na rangi ya mlango mzima. Hukulinganisha bei, umelinganisha kazi mbili tofauti.

Omba kila kitu mstari wake. Kwa mfano Toyota Ist iliyogongwa kona ya mbele kushoto, devi inayosomeka inakuwa hivi: pareshoki ya mbele, kubadilisha, ya okazio (iliyotumika); fari (taa ya mbele) ya kushoto, kubadilisha, mpya au okazio; bawa (fenda) la kushoto, kunyoosha; kapo (boneti), kunyoosha ukingo; chuma cha kushikilia radiateri, kuangalia baada ya kufungua; rangi, vipande vitatu, na vernisi; kazi ya mkono kwa kila kipande; siku ngapi. Juu kabisa plaki, namba ya shasi, kilometa, tarehe, jina na muhuri wa garaji. Asiransi haipokei karatasi ya daftari isiyo na muhuri, na wana haki.

Maneno matatu ya kukamata ni *kubadilisha, kunyoosha, kuangalia*. Kila kipande lazima kiwe na mojawapo. "Kuangalia" ni mahali garaji mwaminifu anakwambia bado hajui kilicho nyuma, na hapo unaandika naye kabisa: kikipatikana kitu ndani, anasimama, anakupigia, anatoa devi ya nyongeza, asiransi wanaona kabla ya kuendelea. Garaji inayosema inajua yote bila kufungua pareshoki naiogopa zaidi kuliko ile ya bei kali.

Vitu vinavyojificha nyuma ya pareshoki ya mbele ni chuma cha kupokea pigo, mabano ya fari, kondanseri ya klima (kiyoyozi), radiateri, chupa ya maji ya vioo. Inama uangalie chini kama kuna maji ya kijani au mekundu yanadondoka. Yakidondoka usiendeshe, vuta, juu motere ikichemka hasara hiyo watasema umejifanyia mwenyewe, na kweli. Angalia nafasi kati ya kapo na bawa, kushoto na kulia zilingane. Mlango ukifunga kwa nguvu kuliko jana, kuna kitu kimesogea. Endesha polepole mahali tambarare uachie usukani kidogo, ikivuta upande mmoja weka pararelismu (kulinganisha tairi) ndani ya devi.

Kuhusu fari niseme kidogo zaidi juu hapa kwetu inatuua usiku. Motokari nyingi za hapa zimetoka Japani na usukani wa kulia, na Japani wanapita kushoto, kwa hiyo fari zake zimekatwa kutupa mwanga upande wa kushoto wa njia. Sasa umevunja moja, mtu anakuuzia okazio iliyotoka kwa motokari ya usukani wa kushoto, inaingia vizuri, mabano sawa, na usiku jicho moja linaangalia kushoto lingine kulia. Kabla ya kununua, washa zote mbili mbele ya ukuta giza likiingia. Kama pesa inaruhusu kununua jozi, nunua jozi ya usukani wa kushoto, ndiyo inayofaa kwa njia zetu tunaopita kulia.

Piyese (vipuri) za okazio si dhambi. Pareshoki ya okazio ya asili mara nyingi inakaa vizuri kuliko mpya ya kuiga ambayo mabano hayalingani na fundi anaishia kuitoboa na kuishona kwa waya. Nenda na namba ya shasi imeandikwa, usiseme tu "Ist ya 2004", juu pareshoki zilibadilika katikati ya miaka na utarudi mara mbili kwa muuzaji.

Siku ya eksperi uwepo mwenyewe

Eksperi anatumwa na asiransi kuangalia uharibifu na kupanga bei. Usimtume mtoto na ufunguo. Osha motokari, tope linaficha mikunjo, mpe foto na devi zote, na muonyeshe hata kidonda cha zamani ambacho si cha ajali hii, useme kabisa "hii ni ya zamani". Ukificha atakiona tu, na kuanzia hapo haamini kingine. Muombe pareshoki ifunguliwe mbele yake. Kama inahitaji fundi, lipa fundi wa saa moja, ni pesa ndogo.

Atatoa ripoti na pengine bei yake iko chini ya devi yako. Uliza ametoa nini. Mara nyingi ni vetiste, yaani wanapunguza thamani ya kipande kwa sababu ya uzee: radiateri yako ya miaka kumi na tano hawakulipii kama mpya. Hiyo ipo kwa kontra. Lakini kama amesahau kipande, au ameandika kunyoosha bati ambalo limepasuka, jibu kwa barua, foto juu yake, uombe aangalie tena. Ikishindikana unaweza kumlipa eksperi wako mwingine atoe ripoti ya kupinga. Kwa ajali ndogo sipendekezi, utalipa zaidi ya unachobishania.

Na motokari ikiwa nzee sana wanaweza kusema matengenezo yanapita thamani yake sokoni, wanalipa thamani. Hapo jitayarishe na bei za motokari kama yako zinazouzwa hapa Lubumbashi mwezi huo, si bei uliyonunulia wewe.

Kudai au kujilipia?

Tuseme kosa ni lako na uko na tou riski, devi ni dola 180, franshizi 150. Zinabaki 30, wakitoa vetiste pengine 15. Kwa 15 utapanda ofisini mara nne na mafuta unanunua mwenyewe. Jilipie. Uliza vilevile kama kontra yako inapunguza bei kwa mteja asiyedai, juu ukidai kitu kidogo unaweza kupoteza punguzo la mwaka ujao. Lakini kosa likiwa la mwenzako mambo yanabadilika, pale unadai kwa RC yake, franshizi yako haihusiki, hata dola 90 idai.

Kuacha motokari garaji na kuichukua

Usianze kabla asiransi haijatoa ruhusa ya maandishi. Ukiiacha, piga foto kilometa, mshale wa mafuta, redio, tairi ya akiba, na umuonyeshe fundi kwamba umepiga. Malipo kwa vipande: ya piyese ukiziona kwa macho, sehemu kazi ikianza, ya mwisho siku ya kuchukua. Fundi akitaka yote mbele, pesa yako inatengeneza motokari ya mteja mwingine aliyemaliza kulipa jana.

Akichoma kwa umeme, sema waya wa betri utolewe kwanza, kompyuta ya motere haipendi ule mshtuko. Rangi, namba yake iko kwenye kibati cha mlango au chini ya kapo, asichanganye kwa macho. Wakati wa vumbi jekundu, kuanzia Mei mpaka Oktoba, rangi inayopigwa nje chini ya mwembe inatoka kama sandpepa. Wakati wa mvua inaweza kugeuka ya maziwa juu ya unyevu. Tafuta mwenye nyumba iliyofungwa, hata ya mahema, na ukubali kungoja siku mbili zaidi kourant (umeme) ikikatika kuliko akamalizie haraka.

Kuchukua ni mchana, jua likiwepo, usichukue saa kumi na mbili jioni. Tazama bati kwa pembeni, mawimbi yanaonekana. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini, ipitishe: ikishika bawa la kulia vizuri na bawa lililotengenezwa haishiki kabisa, wamejaza mastiki nene, na mastiki nene ndani ya mwaka inapasuka. Fungua milango yote, washa taa zote, klinyota (taa za kukata kona), klima, mwaga maji kwa kofri uone kama yanaingia. Omba faktire yenye muhuri, mistari ileile ya devi.

Kuhusu hundi ya asiransi, kabla hawajatoa watakupa kitansi cha kusaini kwamba umelipwa na huna dai lingine. Soma kiasi, soma tarehe ya ajali, na kama devi ya nyongeza bado haijajibiwa usisaini, au andika kwa mkono wako pembeni kwamba nyongeza bado iko. Wakikaa kimya wiki baada ya wiki, barua ya kukumbusha, muhuri, kisha nyingine, muhuri, na ya tatu unaweza kuandika nakala kwa ARCA. Mimi hiyo ya tatu nilishaiandika mara moja, jibu lilikuja kabla sijaifikisha ARCA, nilikuwa nimewaonyesha rasimu tu.

Piyese za zamani chukua nyumbani, zote, hata zilizovunjika. Ndizo ushahidi kwamba zimebadilishwa kweli. Fari yangu ya zamani iko chini ya ngazi mpaka leo, mabano mawili yamekatika, kioo kizima, na yule fundi ameshapita mara mbili kuniuliza kama naiuza.